Wakodishaji wa vifaa Moshi, acheni kuuza "-20" ya uongo!

Wakuu, huu mchezo umezidi na watu wanateseka mlimani kwa sababu yake. Mteja anaingia dukani kukodi begi la kulalia la Kilimanjaro, anaambiwa "hili la nyuzi -20, baridi hutaisikia". Hakuna anayemfungulia lebo.

Kwa ISO 23537, kipimo cha kimataifa cha mabegi ya kulalia, lebo ina namba tatu za nyuzi joto. "Comfort" ni pale mwanamke wa kawaida analala amejiachia bila kusikia baridi. "Limit" ni pale mwanamume wa kawaida aliyejikunja anaweza kulala kwa muda wa saa nane. "Extreme" ni ya kunusuru roho tu: mwanamke wa kawaida anavumilia kwa muda wa saa sita, na mwili unaweza kupoa hadi hatari. Hiyo -20 mnayoitangaza ndiyo "Extreme", na begi la namna hiyo "Comfort" yake huzungukia nyuzi 0. Kambi za mwisho kabla ya kilele ziko juu sana, Barafu Camp mita 4,673, Kibo Hut 4,720, na usiku kule kushuka chini ya sifuri ni kawaida. Mtu anatetemeka hadi saa tano usiku, kisha anaamshwa apande kilele. Anayekwenda huko atafute "Comfort" ya -7 kushuka chini. Kambi za chini akisikia joto, afungue zipu.

La pili ndilo linalouma zaidi: mabegi yaliyokufa. Begi halitoi joto, linashika joto lako kwa hewa iliyonaswa kwenye manyoya ya bata. Nyinyi mnayashindilia kwenye mfuko wake miezi na miezi, mnayafua kwa sabuni ya unga, mnayaanika nusu kavu. Manyoya yanaganda vidonge, katikati kunabaki kitambaa kitupu. Mteja, litoe, likung'ute, liache robo saa. Lisipofura, rudisha. Liinue kwenye mwanga: unapoona mwanga unapenya, hapo ndipo baridi itaingilia. Vuta zipu mwanzo hadi mwisho mara mbili, uhakikishe nyuma yake kuna ule mkunjo mnene wa kuzuia upepo, na shingoni kuna kola ya kukaza kwa kamba. Ingia ndani ukiwa dukani. Miguu ikisukuma mwisho wa begi, vidole vitaganda.

Aprili na Mei, mvua ikiwa kali msituni, nyuzi za sintetiki ni salama kuliko manyoya, japo nzito, kwa sababu zikilowa bado zinafura kiasi. Vyovyote vile, begi liingie kwenye mfuko usiopitisha maji. Na bila godoro la sponji zito chini, yote ni bure, maana upande unaoulalia umebanwa, hauna hewa.

Tunachotaka: namba ya "Comfort" iandikwe kwenye risiti, na mabegi yatundikwe stoo, yasishindiliwe. Na yale yaliyochoka msiwape wagumu, yaani wapagazi. Wao nao wanalala kwenye baridi ileile.