Ushauri: chumba na sebule, Kamwokya au Bukoto? Kazi iko Mulago na nataka kwenda kwa miguu

Binti_Kagera
Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo. Natokea Bukoba, mwezi ujao naanza kazi Kampala, kwenye maabara jirani na hospitali ya Mulago. Gari sina na boda zinanitia hofu, kwa hiyo nataka nitoke mlangoni nitembee hadi kazini, jioni nipitie sokoni nirudi. Natafuta chumba kimoja na sebule, jiko na choo ndani. Dalali kanionesha mbili. Moja Kamwokya upande wa bondeni, shilingi za Uganda 650,000 kwa mwezi, analipwa miezi 3. Nyingine Bukoto karibu na Kabira, 800,000, ghorofani, roshani nzuri kweli, ila mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo na dhamana ya miezi 2. Mngekuwa mimi mngechukua ipi?

Jirani_wa_Kitante
Dada karibu Kampala. Hiyo ya bondeni uliiona jua likiwaka, sivyo? Rudi mvua ikishanyesha. Huku juu vilimani tunalala, kule chini upande wa Kifumbira watu wanainua magodoro. Usimuulize dalali, tazama milango ya majirani: ukiona kila nyumba imejengewa kizingiti cha saruji kinachofika karibu na goti, umeshajibiwa.

Otis_Ntinda
Bukoto hadi Mulago ni kama kilomita 3 ukifuata Kira Road. Asubuhi inatembeka. Jioni ndiyo shida, jam ikishika boda zinapanda njia ya waenda kwa miguu na wanakupigia honi wewe ndio uwapishe! Kabla hujalipa popote, tembea hiyo njia saa moja jioni ukiwa na mkoba wako wa kazini. Angalia taa zinawaka wapi na giza linaanzia wapi.

Mama_Swabra
Kwani Wandegeya mmeisahau? Mulago unaiona dirishani, soko lipo, chakula usiku kucha.

Jirani_wa_Kitante
Usiku kucha ndiyo tatizo lenyewe, mama. Wanafunzi wa Makerere, muziki, chapati zinakaangwa hadi saa nane. Mtu wa maabara anahitaji usingizi.

Mama_Swabra
Haya, mimi nimezoea 😂

Mzee_Rubaga
Marahaba mwanangu. Huyo wa Bukoto anavuka mpaka. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 haimruhusu kudai kodi ya zaidi ya miezi 3 kwa mara moja, na dhamana ni mwezi mmoja tu. Kupandisha kodi, mwisho asilimia 10 kwa mwaka. Mkataba wa kuanzia 500,000 lazima uandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Na hawezi kukutoa bila amri ya mahakama. Wengi wanaijua sheria hii na bado wanajaribu, hasa wakisikia lafudhi ya mgeni. Mwambie kwa upole, akikataa mwache na roshani yake. Popote utakapohamia, jitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, mapema. Siku ukiwa na ugomvi na mwenye nyumba, huyo ndiye wa kwanza kuitwa.

Binti_Kagera
Asanteni sana. Nilirudi Kamwokya baada ya mvua ya juzi. Vizingiti vipo! Dalali anasema ni vya kuzuia panya. Wa Bukoto kagoma kushuka miezi 6. Lakini mama muuza matoke alinielekeza nyumba nyingine mlimani, nyuma ya Makumbusho, 750,000, miezi 3, dhamana mwezi mmoja, wala hakuna dalali. Kasoro ni moja: Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, wanachangia nyumba tatu.

Otis_Ntinda
Mama muuza matoke apewe kamisheni.

Jirani_wa_Kitante
Hapo ni pazuri, kazini ni kuteremka tu, jasho utalitoa wakati wa kurudi. Ila Yaka ya kuchangia usiikubali hivihivi. Uniti 15 za kwanza za mwezi zina bei nafuu, mkiwa watatu zinaisha kabla hujajua, na mwenye jiko la umeme anapikia pesa yako. Omba mita ndogo ya kwako, iandikwe kwenye mkataba nani anailipia fundi. Maji nayo uliza: mnasoma mita au ni kiasi kilekile kila mwezi? Tangi lipo siku yakikatika?

Binti_Kagera
Mita ndogo kakubali, fundi analipa yeye. Maji 20,000 kwa mwezi, tangi lipo. Mkataba tunasaini Jumamosi mbele ya mwenyekiti. Sasa kitanda nanunua wapi?

Mama_Swabra
Nsambya, mafundi wako kando ya barabara. Anza na nusu ya bei anayokutajia, na ubao uugonge mwenyewe usikie.