Mume wangu amerudishwa tena bila kupewa kemo, sasa asema harudi hospitali

mama_wa_likoni

Assalam alaykum na hamjambo nyote. Nimekaa na hili jambo mpaka kifua kimejaa, nikaona bora niliandike hapa huenda kuna mwenzangu ashapitia. Mume wangu alipatikana na kansa ya utumbo mpana mwaka jana, akapasuliwa wakatoa kile kipande kibovu, akabaki na mfuko wa choo tumboni ambao tuliambiwa ni wa muda tu. Kemo yake, yaani dawa za kuua kansa, ni ile ya dripu kila wiki tatu pamoja na vidonge vya kumeza nyumbani wiki mbili, halafu wiki moja ya kupumzika. Mwanzo alhamdulillahi alikwenda vizuri. Sasa juzijuzi tumevuka feri alfajiri, kapimwa damu, tumekaa foleni mpaka adhuhuri ndo twaambiwa platileti, zile chembe za kugandisha damu, zimeshuka leo hapewi dawa arudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata twenda, bado ziko chini. Njia nzima hakusema neno, kufika nyumbani akaniambia hii dawa imenikataa, sirudi tena. Na ile operesheni ya kumrudishia utumbo ili mfuko utolewe nayo imesogezwa mbele kwa kuwa kemo haijaisha, naona hilo ndilo lililomvunja zaidi.

Yeye ni muuza samaki tangu ujana wake na kazi yote ile ni barafu, lakini tangu aanze dripu akigusa kitu baridi vidole vyamchoma kama sindano, hata maji ya friji akinywa koo lambana mpaka aogopa. Kwa hivo yuko barazani tu siku nzima. Msikitini haendi tena, hata Ijumaa aswali ndani, akhofia mfuko utoe sauti au harufu mbele za watu. Wifi yangu naye yuwasema hizo dawa za hospitali ndizo zammaliza nduguye, aachwe apewe dawa za miti. Mimi nikifungua mdomo naonekana namlazimisha mtu mzima. Sasa nimwachie au nimvute? Na kemo ikiahirishwa hivi ndo kusema ugonjwa umezidi? Hilo naogopa hata kumuuliza daktari mbele yake.

bi_mkubwa_tudor

Waalaykum salaam mwanangu, pole sana. Nianze na hilo la mwisho maana najua ndilo likunyimalo usingizi. Kuahirishwa si kusema ugonjwa umezidi. Dawa hizi hazichagui, zapiga seli za kansa na zapiga pia uboho ndani ya mifupa ambako damu hutengenezwa, kwa hivo platileti zikishuka maana yake uboho wataka muda urudi hali yake. Wangemtia dawa zikiwa chini angeweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Ni jambo la kawaida sana kwa dripu hiyo, wengi husogezewa wiki moja au mbili na wengine hupunguziwa kipimo kisha wakaendelea mpaka wakamaliza.

Marehemu mume wangu (Mwenyezi Mungu amrehemu, hakufa na kansa, aliishi miaka mingi baadaye akaja kuchukuliwa na moyo) alikuwa na ya tumbo nasi tulirudishwa hivihivi. Kilichotusaidia ni daftari. Kila kliniki twauliza, leo namba yake ni ngapi, na yatakiwa ifike ngapi ndo apewe? Twaandika. Tukirudi bila dawa angalau twarudi na kitu, wiki ijayo twaangalia imepanda au la, na yeye mwenyewe akawa ndiye ashikaye daftari na kalamu. Mtu akirudishwa bila kuelezwa huona kama amefukuzwa, akielezwa huona anasubiri, na hizo ni hali mbili tofauti kabisa.

Saa hii platileti ziko chini asimeze brufeni wala diklofenaki wala aspirini hata kichwa kimuume vipi mpaka aulize kwanza. Na hizo dawa za miti, mwanangu, usigombane na wifi yako, ni nduguye naye amejaa khofu kama wewe. Mchukue mwende naye kliniki inayokuja, abebe hiyo chupa ya dawa zake amuonyeshe daktari, aulize mwenyewe. Kuna miti inayogusa ini, kuna inayofanya damu isigande, na daktari hawezi kujua kilichoshusha damu ikiwa kuna kitu mgonjwa anywa kwa siri. Kisomo na dua zidisheni, hizo hazina ubishi na dripu.

Kuhusu baridi, hiyo huwa kali siku za mwanzo baada ya dripu kisha yapungua. Maji anywe ya vuguvugu, dafu lisiwe limetoka kwenye friji, asifungue friza kwa mikono mitupu. Ila angalia ganzi isiyoondoka. Akianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, au ndara yamvuka mguuni asijue, mwambieni daktari siku hiyohiyo. Neva ndizo zaumia hapo na wao hupunguza dripu au huisimamisha akaendelea na vidonge peke yake. Wanaume huficha hilo wakidhani ni dogo, kisha ganzi yakaa miezi na miezi hata baada ya kumaliza.

abu_kisauni

Dada mimi ndiye niliyekuwa huyo mumeo. Mfuko nilikaa nao mpaka watu wakazoea kuniona na kanzu pana tu, sasa umetolewa na niko sawa. Nitakwambia jinsi mambo yalivo ukiwa upande wa mgonjwa.

Maumivu ya dawa mtu avumilia. Kinachomaliza mwanamume ni kuona kila kitu chasemwa juu ya kichwa chake. Daktari auliza "umelalaje" mke ajibu, mgeni aingia auliza hali kaka ajibu, mwishowe waona kama wewe ni mzigo unaopakuliwa na kupakiwa tu. Kwangu mimi mambo yalibadilika mke wangu aliponiambia siku moja, nenda umuulize daktari maswali yako mimi ntakaa nje, ukinihitaji niite. Niliuliza mengi ambayo mbele yake nisingeuliza, hata yale ya ndani ya unyumba. Na wewe hilo swali lako uliloogopa, huenda naye analo na aogopa kuliuliza mbele yako. Kwa hivo usimvute wala usimwachie, mrudishie usemi wake. Mwambie twende tukamuulize daktari ukiacha itakuwaje na ukiendelea itakuwaje, halafu uamuzi ni wako. Mimi nilipoulizwa hivo ndo nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeuamua mwenyewe.

Kazi nayo, jamani msimwambie pumzika kutwa kucha. Barafu aachiwe kijana, lakini mtu aliyeuza samaki tangu ujana ajua samaki changu wa leo na wa juzi kwa kumtazama jicho tu, na hiyo haihitaji mkono kugusa barafu. Bei azipange yeye, simu za wavuvi azipokee yeye, hesabu jioni iletwe kwake. Akichoka alale, si aibu.

Sasa msikiti. Hili lilinikalia moyoni sana mpaka nilipomuendea imamu wetu. Akanieleza kwamba mtu wa mfuko ni mwenye udhuru, atawadha wakati wa swala ukishaingia kisha aswali faradhi yake, na kitakachotoka mfukoni baada ya hapo hakimharibii. Amuulize imamu wake asikie kwa masikio yake, ni tofauti na kusikia kwangu. Alkhamisi usiku asile mbaazi wala kabeji wala kitunguu kingi, gesi yapungua sana. Amwage mfuko kabla ya kutoka nyumbani, akae safu ya nyuma karibu na mlango mpaka azoee. Na kikoi aangalie fundo lake linapokaa, likikaa juu ya mfuko choo hakishuki chatafuta njia pembeni, na hapo ndo uvujaji hutokea. Afunge juu zaidi au avae suruali ya kamba chini ya kanzu.

nesi_wa_zamu

Naongezea kidogo tu wenzangu washasema. Nunueni kipimajoto kikae nyumbani. Joto likifika 38 au zaidi akiwa katika kemo ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, asipewe panadol kwanza mkangoja kukuche, panadol yashusha joto na kuficha maambukizi. Vilevile damu puani isiyokatika, fizi kutoka damu, madoa madogo mekundu miguuni, choo cheusi kama lami, hayo hayangoji tarehe ya kliniki.

Halafu SHA, bima ya afya ya serikali. Ilipochukua nafasi ya ile bima ya zamani NHIF Oktoba 2024 kansa iliwekewa shilingi 400,000 kwa mwaka kwa familia nzima, na zikiisha 150,000 kutoka ule mfuko wa magonjwa sugu. Viwango hubadilishwa, kwa hivo pita dawati la SHA uulize mmebakisha ngapi kabla ya dripu ijayo, msije mkayajua mkiwa mmeshakaa kwenye kiti. Na wewe dada ulale. Mwenye kuuguza akianguka nyumba nzima yasimama, mwambie wifi ashike usiku mmoja mmoja.

mama_wa_likoni

Jamani sina la kuwalipa, Mungu awalipe. Jana baada ya Isha nimemsomea yote, ya abu_kisauni akanambia rudia. Hajasema ataenda, lakini leo asubuhi ameuliza namba ya platileti ilikuwa ngapi, nikampa ile karatasi akaikunja akaiweka mfukoni mwa shati. Wifi nimemwambia Jumanne twende sote, amekubali ingawa kwa mdomo mzito. Swali jengine, hili ametaka niulize yeye. Mfuko wabanduka kwa jasho, joto la huku kwetu mchana mnalijua, abu_kisauni wewe ulikuwa wafanyaje?

abu_kisauni

Alhamdulillahi. Ikiwa choo chake ni cha majimaji abadilishe asubuhi kabla ya chai, wakati huo tumbo limetulia. Aoshe kwa maji matupu, sabuni za manukato na mafuta huacha utelezi gundi isishike. Akaushe vizuri kwa kitambaa, hata apepewe kidogo na feni. Tundu la kibandiko cha mfuko alikate lizidi kidogo tu ile nyama ya utumbo iliyotokeza tumboni, milimita mbili tatu, likiwa kubwa choo chachoma ngozi na ngozi iliyochomeka haishiki kitu. Kile kibandiko akipashe joto kwanza katikati ya viganja, akishabandika akikandamize kwa kiganja dakika chache bila haraka. Amwage mfuko ukijaa theluthi, asingoje uwe mzito uvute. Ngozi ikiwa nyekundu mbichi aende kwa nesi wa vidonda pale kliniki asijipake chochote.

Na akiwa na mengine aandike mwenyewe hapa, ntamjibu.