Mtu na sokwe, sitokromu c moja: nimjibu nini huyu kijana?

TichaPasiansi:
Wakuu, salaam. Nafundisha baiolojia kidato cha sita hapa Mwanza. Leo nilikuwa kwenye sitokromu c, ile protini ndogo ya mitokondria (vile vinu vya nishati ndani ya seli) inayopokezana elektroni. Nikasema ina asidi amino 104, ya farasi inapishana na yetu mahali 12, ya sokwe haipishani hata mahali pamoja. Kijana wa dawati la nyuma, baba yake anauza dagaa Mwaloni, akanyoosha mkono: "Ticha, kama ni ile ile, mbona sokwe wa Gombe hayumo humu darasani?" Watu wakafa kwa kicheko. Nami nikacheka, nikivuta muda. Kengele ikaniokoa, lakini kesho kipindi cha kwanza ni changu tena.

FundiMashine_Kirumba:
Ticha, mtumbwi wa dagaa na wa abiria yote inafungwa mashine ya hospawa 15. Kuna aliyewahi kupanda wa dagaa akidhani ni wa abiria?

Mama Ilemela:
Fundi umemaliza nusu. Nusu nyingine ni kwa nini mashine haibadiliki. Himu, kile kipande chenye chuma, kimeshonwa kwenye asidi amino ya 14 na ya 17 za mnyororo, zote sisteini. Chuma chenyewe kimebanwa na histidini ya 18 huku, methionini ya 80 kule. Chokonoa hapo, elektroni haipiti na kiumbe hakiishi. Kwa hiyo tofauti unazikuta pembeni pembeni: kima rhesus ana treonini mahali pa 58, sisi isolusini, basi. Ng'ombe, nguruwe na kondoo hawapishani kabisa, na mnadani hakuna anayewachanganya.

Ila Ticha, usimwambie kijana kwamba protini hii haisemi kitu. Mwaka 1967 Fitch na Margoliash walihesabu tofauti hizo hizo wakachora mti wa ukoo wa viumbe. Na sokwe umemfuata mbali bure, una furu hapo ziwani! Mamia ya aina: huyu anakula konokono, yule anakula samaki wenzake, midomo haifanani. Lakini DNA ya mitokondria zao inakaribia kuwa moja, maana wametengana juzi tu.

TichaPasiansi:
Asante mama, hapo kwenye furu umenikuna. Nimeshampigia baba wa kijana. Anasema furu wanakuja wamejichanganya na dagaa, atanichambulia wawili watatu wenye midomo tofauti kabla hajaanika.