Mama ni mwalimu mstaafu na ana vyumba vya kupangisha: ritani yake tuifaili vipi?

BintiKhayega:
Hamjambo wote. Naomba ushauri kabla Juni 30, siku ya mwisho ya kufaili ritani ya ushuru ya mwaka, haijafika. Mama ana miaka 68, alistaafu ualimu na anaishi Khayega. Mimi niko Kisumu. Anapokea pensheni ya serikali, na nyuma ya nyumba ana vyumba vinane vya kupangisha, 3,500 kila kimoja.

Miaka yote hii ritani yake imekuwa ikifailiwa na kijana wa saiba (duka la intaneti), kila mara ritani ya sifuri, yaani ya kusema hana mapato ya kutozwa ushuru. Nilipotaka kumsaidia kwenye iTax, mtandao wa KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya), nikakuta barua pepe iliyofungwa kwenye PIN ya mama, yaani namba yake ya ushuru, ni ya huyo kijana, na neno la siri analo yeye. Hilo limeninyima usingizi.

Mama mwenyewe hataki kufanyiwa kila kitu. Alifundisha hesabu, na anasema akionyeshwa mara moja atajifanyia. Ila simu yake ni ile ndogo ya vibonyezo. Je, pensheni yake inatozwa ushuru? Hiyo sifuri ni sawa? Kuna njia nyepesi kwa mtu wa umri wake?

MstaafuNakuru:
Binti, Mungu akubariki kwa kumjali mama. Kuhusu pensheni asiwe na wasiwasi. Sisi tuliotimiza miaka 65 tulisamehewa zamani. Waliokuwa wakikatwa ni wale wa chini ya umri huo, kwa kiasi kilichozidi 25,000 kwa mwezi, hadi sheria ilipobadilishwa tarehe 27 Desemba 2024. Sasa hata wao wakistaafu kwa umri pensheni yao haiguswi.

Lakini kusamehewa ushuru si kusamehewa ritani, na hapa ndipo wazee wenzangu wengi huumia. Maadamu PIN yake ina wajibu wa ushuru wa mapato, ritani ya mwaka inadaiwa. Ikichelewa, faini haishuki chini ya 2,000, hata kama hana deni la shilingi moja.

Mhasibu_Ksm:
Mzee amesema kweli kuhusu pensheni. Mimi naomba tuangalie vyumba, maana kazi iko hapo.

Vyumba vinane kwa 3,500 ni 28,000 kwa mwezi, yaani 336,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba za makazi anayepokea kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa ushuru wa kila mwezi. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, kabla ya hapo ilikuwa 10. Hesabu hufanywa kwa kodi yote ya wapangaji iliyoingia, bila kutoa rangi, mabati wala fundi wa choo. Kwa mama, vyumba vyote vikilipa ni 2,100 kwa mwezi, na mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi ya Mei, Juni 20. Mwezi ambao hakuna aliyelipa, bado afaili sifuri ya mwezi huo.

Kwa hiyo ritani ya sifuri ya mwaka haikugusa vyumba hata kidogo. Nendeni wenyewe mkaombe wajibu wa ushuru huu wa nyumba uongezwe kwenye PIN, kisha mfaili miezi ya nyuma. Deni likiwa zito, mnaweza kuomba kulipa kidogo kidogo. Nakusihi msingoje barua. Kila mwezi usiofailiwa una faini yake, na mbali na faini kuna riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya ushuru ambao haujalipwa.

JiraniLurambi:
Kabla ya yote hayo, barua pepe! Bila hiyo hata neno la siri jipya litaenda kwa yule kijana. Mama aende Huduma Centre ya Kakamega na kitambulisho chake halisi, aombe kwenye dawati la KRA ibadilishwe. Hawatozi pesa. Weka yako wewe binti, ndiyo rahisi.

Mhasibu_Ksm:
Ndugu, hapo sikubaliani. Mfungulieni mama barua pepe yake mwenyewe, hata kama ataifungua kwenye simu ya binti. Watoto huhama, husafiri, hugombana. PIN ni ya mama.

Na simu ndogo inatosha. Apige *572#, afuate maelezo ya kufaili. Akishapewa namba ya malipo, aingie M-Pesa, paybill 222222, na ile namba ndiyo ya akaunti. Ujumbe wa malipo asiufute.

MstaafuNakuru:
Naunga mkono. Mke wangu anafaili hivyo hivyo kwa simu ya vibonyezo. Mara ya kwanza kaa naye, ila yeye ndiye abonyeze, wewe usimpokonye simu hata akikawia.

BintiKhayega:
Asanteni sana, mzee wangu na ndugu zangu. Nimemsomea mama yote haya kwa simu, akanituma niulize jambo moja: gawio la SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya walimu nalo aliandike?

Mhasibu_Ksm:
Hapana. Gawio hukatwa asilimia 5 hukohuko kabla halijamfikia, na ushuru wake umeishia hapo. Akienda Kakamega abebe kitambulisho na daftari la wapangaji, lenye kodi ya kila mwezi tangu Januari 2024. Kama ana rekodi za kabla ya hapo abebe pia, kwa sababu miezi hiyo inahesabiwa kwa asilimia 10.