Ada ya MBA 6,400,000, msomi wa kwanza kwenye ukoo: nianzie wapi kutafuta hela? (Tanga)

Mgosi_Chumbageni

Habarini wakuu. Nipo Tanga mjini, nafanya kazi ya nyaraka kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nimepata nafasi ya MBA ya jioni kwenye chuo kimoja Dar, miezi 18. Ada ni 6,400,000 kwa awamu nne za 1,600,000, na awamu ya kwanza lazima iwe imeingia kabla ya usajili, mwishoni mwa Oktoba. Mshahara wa msingi 1,000,000, Bodi ya Mikopo bado wananikata, SACCOS ya kazini nina akiba 900,000. Mkopo mwingine sina.

Kwetu hakuna aliyefika chuo kikuu kabla yangu, kwa hiyo hata wa kumuuliza sina. Nifanye mchango kama wa harusi? Nikope? Ufadhili wa masomo ya biashara upo kweli au ni maneno ya mtandaoni? Na binamu yupo Uingereza anasema atanifungulia GoFundMe, ule mtandao wa kuchangisha hela. Naomba hesabu wakuu, pole nimeshapewa za kutosha.

---

Hesabu_Ngamiani

Hongera mkuu. Ila umeandika ada tu, na ada siyo gharama kubwa kwenye mpango wako. Masomo ya jioni Dar maana yake kazi ya Tanga unaiacha. Tuone unaacha nini.

Kwenye 1,000,000 toa NSSF asilimia 10, yaani 100,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 900,000 iliyobaki: 68,000 mpaka kufikia 760,000, kisha asilimia 25 ya 140,000 inayozidi, ambayo ni 35,000. Jumla 103,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 150,000. Mkononi unabaki na 647,000. Zidisha kwa miezi 18 upate 11,646,000. Hiyo ndiyo bei ya kuhamia Dar bila kazi, karibu mara mbili ya ada, na hapo hujamlipa mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Deni la Bodi nalo halilali kwa sababu umeacha kazi.

Kwa hiyo kabla ya kuunda kamati, fanya moja kati ya haya mawili. Ama upate kazi Dar kwanza, au uhamishie masomo mahali usipolazimika kuhama. Chuo Kikuu Huria kina kituo cha mkoa hapo hapo Tanga na kinatoa MBA; vyuo vingine vina utaratibu wa wikendi au wa mtandaoni, uliza kimoja kimoja. Usidanganyike kwamba wikendi ya Dar ni rahisi: ni kilomita kama 350 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na Jumatatu asubuhi meli haikusubiri. Masomo ya mbali nayo yana ugonjwa wake. Watu humaliza mitihani halafu tasnifu inakaa mwaka mzima, na kila muhula wa ziada una ada yake. Uliza mapema ada ya kuongezewa muda ni kiasi gani, uiweke kwenye bajeti.

SACCOS: vyama vingi hukopesha mpaka mara tatu ya akiba, kwa hiyo kwako 2,700,000. Tuchukue mfano wa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio, miezi 24. Mwezi wa kwanza unalipa 112,500 ya mtaji na 27,000 ya riba, jumla 139,500, halafu inashuka 1,125 kila mwezi. Ukiendelea na kazi, mkononi inabaki 507,500 mwezi wa kwanza, na hujagusa ule ukomo wa theluthi moja ya mshahara ambayo makato hayatakiwi kuila. Unabeba. Ukiacha kazi, mkopo huo huo unawaangukia wadhamini wako, na wao ndio unaokaa nao meza moja.

Usiuchukue sasa. Riba inaanza siku hela inapotoka. Acha awamu ya kwanza ilipwe kwa njia nyingine, SACCOS ilipe ya pili na sehemu kubwa ya ya tatu. Wakati huo ongeza akiba: ukifikisha 1,200,000 ukomo wako unakuwa 3,600,000. Ila soma masharti ya chama chenu, maana vingine havihesabu akiba mpya mpaka ikae miezi kadhaa, kuzuia ujanja huo huo ninaokufundisha.

---

Kijana_wa_Makorora

Kwani ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri si ipo? Vijana wana asilimia 4 yao, wanawake 4, watu wenye ulemavu 2. Haina riba.

---

Hesabu_Ngamiani

Ipo, lakini ni ya vikundi vyenye shughuli ya uzalishaji. Ukiandika andiko la ufugaji wa kuku halafu hela ikaenda chuoni, umewaingiza wenzako wa kikundi kwenye deni la kuku wasiokuwepo. Usimshauri mwenzio hivyo.

Na mkuu, kaa mbali na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, na programu za mikopo za kwenye simu. Benki Kuu ilishatoa orodha ya zisizo na leseni, Novemba 2024. Hata mkopeshaji mwenye leseni akikutoza asilimia 3.5 kwa mwezi, 1,600,000 inakula riba ya 56,000 mwezi wa kwanza peke yake.

---

Mtunza_Kapu_Raskazone

Mdogo wangu, mimi nitazungumzia mchango tu, mengine wenzangu wamesema.

Mchango wa masomo hauendi kama wa harusi. Kwenye harusi mtu anatoa, Jumamosi anakula pilau, yamekwisha. Wewe unamwambia atoe leo, matunda baada ya miaka miwili, na yeye mwenyewe hali kitu. Halafu wewe ni msomi wa kwanza, ukoo umeshakuweka upande wa watoaji. Ukiomba utasikia, "Na digrii yote hiyo bado anataka hela?" Usijibu kwa hotuba. Toa barua ya udahili, ankara ya chuo, na uonyeshe wewe umetanguliza kiasi gani. Aliyetanguliza chake, hata shangazi mgumu humchangia.

Omba kitu chenye mwisho. Ukitaja 6,400,000, mwenye elfu kumi ataona yake ni tone, hatatoa. Taja awamu ya kwanza peke yake, 1,600,000, na ueleze kwamba zilizobaki utalipa kwa mshahara na SACCOS. Sasa igawe: watu 8 wa 50,000 ni 400,000, watu 30 wa 20,000 ni 600,000, watu 60 wa 10,000 ni 600,000. Ni watu 98. Kaa na simu yako uandike majina 98 kabla hujafungua kundi lolote. Ukikwama kwenye jina la 40, lengo lako ni kubwa kuliko watu wako, punguza. Na kwa kuwa ahadi hazitimii zote, mimi huhesabu hivi: anayetaka 1,600,000 atafute ahadi za 2,400,000.

Muda. Kamati ikae mwishoni mwa Juni, ujumbe utoke Julai baada ya mishahara, kupokea kuishe Septemba 15. Hapo una wiki sita za kufukuzia waliochelewa. Ungekuwa unaomba Januari ningekwambia uache, kila mtu ana ada za watoto; na wiki ya kuelekea Idd vile vile.

Kamati isizidi watu watano: mmoja mkubwa wa ukoo ambaye neno lake linasikika, mmoja wa kazini, mmoja wa msikitini au kanisani, katibu, na mweka hazina. Mweka hazina asiwe mtu unayelala naye nyumba moja. Hela isiingie kwenye namba yako hata shilingi. Tumieni akaunti ya kikundi benki yenye watia saini wawili au watatu. Kama wengi wana laini za Vodacom, M-Koba, akiba ya kikundi ya kwenye simu, inafaa, maana kutoa kunahitaji viongozi wengine waidhinishe. Kila Ijumaa katibu anaweka orodha kundini: jina, kiasi, tarehe, jumla mpaka leo. Asiyetaka jina lake aandikwe "msamaria".

Ujumbe uwe mfupi, kama huu:

"Assalaam alaykum / Bwana asifiwe. Kijana wetu amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili ya biashara. Awamu ya kwanza ya ada ni 1,600,000, mwisho Oktoba. Mwenyewe ameanza na 200,000. Tunaomba ahadi yako kabla ya Julai 31 na kutimiza kabla ya Septemba 15. Hela inalipwa chuoni moja kwa moja na risiti itawekwa hapa."

Ukisema moja kwa moja, iwe moja kwa moja. Chukua namba ya kumbukumbu ya malipo ya chuo, mweka hazina alipe kutoka akaunti ya kikundi, risiti itoke na jina lako, iwekwe kundini siku hiyo hiyo. Kutoa taslimu kwanza ni kulipa makato mara mbili na kufungua mlango wa maneno. Kikizidi, tangazeni mapema kwamba kinaingia awamu ya pili.

Kinachoua michango hii nimekiona kwenye kamati nyingi: mwenye mchango kuazima kwenye kapu "kidogo tu, kodi ya nyumba". Cha pili ni kumtaja kundini aliyeahidi na hajatoa. Mpigie peke yake, mara moja, mpe nafasi ya kupunguza ahadi yake bila aibu. Na mchango wa pili kwa masomo hayo hayo haupo, hata uwe na ndugu wengi kama dagaa wa soko la samaki la Deep Sea.

---

Msambaa_wa_Lushoto

Kuhusu binamu: GoFundMe haitoi hela kwenda Tanzania, nchi yetu haimo kwenye orodha yao. Kampeni lazima iwe ya binamu, itoke kwenye akaunti yake ya Uingereza, kisha yeye akutumie, na aandike hivyo wazi kwenye maelezo. Makato ni asilimia 2.9 na pensi 25 kwa kila mchango. Pauni 5 inapoteza karibu pensi 40, yaani asilimia 8. Pauni 50 inapoteza 1.70 tu. Kama marafiki zake ni kumi wa kutoa pauni tano tano, bora wampe yeye mkononi atume mara moja.

Ufadhili: Bodi usiitegemee kwa MBA ya mtu wa kampuni binafsi. Samia Skolashipu ni ya shahada ya kwanza upande wa sayansi, biashara haimo. Kinachokufaa kuomba ni Chevening ya serikali ya Uingereza, dirisha hufunguliwa Agosti. Wanataka saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili, unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Watu wanajikwaa hapa: kwa MBA wanalipa ada mpaka pauni 22,000, na MBA nyingi za kule zinazidi. Tofauti ni yako. Mtu wa bandari kama wewe angeomba uzamili wa mwaka mmoja wa ugavi na usafirishaji, ukomo huo ni wa MBA. Ukiomba Agosti unaanza Septemba ya mwaka unaofuata, kwa hiyo haiokoi Oktoba yako.

---

Mgosi_Chumbageni

Asanteni sana. Nimeuliza chuo, wanaruhusu kuhamia utaratibu wa mtandaoni kwa ada ile ile, kwa hiyo nabaki Tanga. Bosi naye amedokeza kampuni inaweza kulipa nusu, 3,200,000, ila nisaini mkataba wa kukaa miaka miwili. Nisaini?

---

Hesabu_Ngamiani

Angalia vitu vitatu. Miaka miwili inahesabiwa tangu lini, siku ya kusaini au siku ya kuhitimu? Ya pili inakufunga karibu miaka mitatu na nusu. Ukiondoka mapema unarudisha zote au kwa uwiano? Dai uwiano: ukiondoka mwezi wa 18 kati ya 24, unadaiwa 6/24 ya 3,200,000, ambayo ni 800,000. Na wakikupunguza kazi wao, deni lifutwe. Liandikwe hivyo, usikubali "tutaelewana". Ongeza kifungu cha siku za mitihani, vinginevyo meli itaingia siku ya mtihani wa fedha.

Wakikubali hayo, saini, mwambie Mtunza Kapu apunguze lengo, na SACCOS chukua 1,600,000 tu.

---

Mtunza_Kapu_Raskazone

Silipunguzi mpaka mkataba uwe na mhuri. Mdogo wangu, niletee kwanza yale majina 98.