MJADALA: Samaki wakienda hotelini na dagaa wakienda Kongo, mtoto wa Micheweni, Pemba, ale nini?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna kauli naisikia mno siku hizi, barazani na hata kwa watu waliosoma: kwamba Wazanzibari maskini wanakula vibaya kwa sababu hawajui kula. Bahari imetuzunguka, mshelisheli uko nyuma ya nyumba, mchicha unaota wenyewe, halafu mtoto anapelekwa skuli na chai ya rangi na andazi. Dawa yake, wanasema, ni elimu ya lishe.

Mie siikubali kauli hiyo, na nimefungua mjadala huu ili tuijadili kwa hoja.

Mama wa Pemba muulize mtoto anatakiwa ale nini. Atakutajia samaki, yai, kunde, kisamvu cha nazi, papai. Kliniki ameshaambiwa, tena mara nyingi. Anachokosa ni pesa ya kununulia hivyo alivyotajiwa.

Nendeni dikoni Tumbe asubuhi boti zinapoingia. Nguru na jodari wananadiwa pale pale mchangani, na wanaoshinda mnada ni wenye madeli ya barafu na gari inayosubiri. Mwanamke aliyekuja na kikapu na elfu tatu yake anakaa pembeni mpaka mnada umalizike, apate fungu la vibua vilivyobaki, kama vimebaki. Pweza ndiyo usiseme. Wanawake wanamchokoa wenyewe miambani maji yakitoka, wanamuuza kwa kilo kwa mnunuzi, jioni nyumbani kwao pweza hayumo chunguni. Wanafanya hesabu sahihi kabisa: pweza mmoja ananunua mchele wa siku kadhaa.

Zamani mnyonge alikuwa na dagaa. Dagaa analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata protini na kalsiamu kwa pamoja, na hata kiganja kimoja kinatosha kutia ladha chungu kizima. Sasa anachemshwa kwa maji ya chumvi, anaanikwa, anatiwa kwenye magunia na kusafirishwa hadi Kongo. Wanunuzi wakiwa wengi, bei ya ndoo inapanda, na jirani wa pale pale panapoanikwa dagaa anashindwa.

Tazameni pia kipi kinachokatwa kwanza pesa ikipungua. Wali haukatwi, kwa sababu ndio unaoshibisha. Sehemu kubwa ya mchele tunaokula inatoka nje, na mchele wa mapembe ukipanda bei, mama anaipata tofauti kwa kuacha kitoweo. Serikali inafuatilia bei ya mchele, unga wa ngano na sukari, na ni jambo jema. Lakini vitu vyote vitatu ni vya kujaza tumbo. Fungu la samaki na kibaba cha kunde havina mtetezi.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2019/20 ulionesha asilimia 25.7 ya Wazanzibari wanaishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 9.3 hawamudu hata chakula cha kutosha. Pemba hali ni mbaya kuliko Unguja, na wilaya ya Micheweni kwa muda mrefu imekuwa mkiani. Upande wa pili, mwaka 2024 tulipokea watalii zaidi ya 700,000, na sensa ya 2022 ilituhesabu sisi wenyewe chini ya milioni 1.9. Mgeni anayekula pweza Nungwi au Paje hana kosa. Ila yuko kwenye mnada mmoja na yule mama wa kikapu, na mfuko wake unajulikana.

Wavuvi watanijia juu hapa, na haki wanayo. Mvuvi naye ni maskini. Petroli anainunua, mwenye boti anachukua fungu lake, na ukimkataza kumuuzia mwenye hoteli utakuwa umeihamisha njaa kutoka nyumba moja kwenda ya pili. Sitaki marufuku yoyote.

Ninachotaka ni chakula cha mchana katika skuli za msingi, tuanzie Micheweni: wali au muhogo, kunde, dagaa, mboga. Dagaa na kunde vinunuliwe kwa wavuvi na wakulima wa hapo hapo kwa bei ya soko, na pesa itoke kwenye mapato ya utalii. Kama utalii unapandisha bei ya kitoweo, basi na uchangie sahani ya mtoto.

Elimu nayo ina nafasi yake, sikatai. Chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia mwili kufyonza madini ya chuma, na wengi wetu hatulijui hilo. Lakini ukimwambia mama aondoe chai, lazima uwe na jibu la kipi kikae badala yake.

Basi naomba michango. Wavuvi wa Tumbe, Msuka na Mkoani: skuli ikiahidi kununua dagaa mwaka mzima kwa bei isiyoyumba, mngeikubali, au mngengojea Wakongo? Walimu, nani atapika, na kuni nani atanunua? Na nyinyi mnaosema watu hawajui kula, nipigieni hesabu: elfu tatu, watu saba, siku moja. Andikeni mngenunua nini.