Sarafu moja tu: Carausius au Allectus?

Mkusanyaji_Mpya: Wakuu, nimedunduliza pesa ya sarafu moja ya Kirumi. Nawapenda wale wawili waliojitangazia ukaisari Uingereza: Carausius (286–293), na Allectus aliyemuua akatawala hadi 296. Nichukue ya nani?

Kale_Hai: Carausius, mkuu. Alipewa manowari awinde maharamia, akashutumiwa kujilimbikizia ngawira, kaisari Maximian wa Roma akaamuru auawe. Ndipo akajitwalia kisiwa. Tafuta yenye maandishi PAX AVGGG, yaani "Amani ya Makaisari". Hizo G tatu ni makaisari watatu: alijihesabu mwenzao Diocletian na Maximian, na wao hawakumkubali. Ninayo nyingine iliyopigwa chapa juu ya sarafu kuukuu. Ukiiinamisha dirishani, chini ya ndevu zake inajitokeza miale ya taji la mtu mwingine. Askari walidai mshahara, hapakuwa na muda wa kuyeyusha shaba upya.

Bi_Shaba: Hapo kwenye kupigwa ndipo ninapotofautiana nawe. Za mwanzo za Carausius nyingi ni za haraka mno, maandishi yamekatika pembeni. Mtu wa sarafu moja anahitaji inayosomeka. Achukue ile ndogo ya Allectus yenye merikebu: herufi zimetulia, makasia yanahesabika kwa kioo cha kukuzia, na QL chini yake ni alama ya karakana ya sarafu ya London. Mimi merikebu ile hunishika koo kila nikiitazama. Mwaka 296 meli za Allectus zilivizia karibu na kisiwa cha Wight, ukungu ukatanda, jeshi la Asclepiodotus, jemadari wa Roma, likapita bila kuonekana. Allectus aliuawa vitani.

Mtafiti77: Kuna muuzaji kanionyesha ya Domitianus II, yule mwingine aliyejitangazia ukaisari, mwaka 271. Vipi hiyo?

Bi_Shaba: Kimbia, ndugu yangu! Zinazojulikana ni mbili: moja ilipatikana Ufaransa mwaka 1900, ikashukiwa ya bandia kwa miaka mingi, hadi 2003 chungu kilichofukuliwa Chalgrove, Uingereza, chenye sarafu kama 5,000, kilipotoa pacha wake.

Kale_Hai: Kwa usomekaji nakubali, Bi Shaba. Ila usiku ningeshika ya Carausius.

Mkusanyaji_Mpya: Merikebu imenishinda, nachukua Allectus. Nimuulize nini muuzaji?

Bi_Shaba: Uzito kwa gramu, na picha ya ukingo. Ukiona mshono umeuzunguka, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa kwa nyundo. Irudishe.